Mwendo Nilioiongezea Kompyuta ya Mwaitu

Nyumbani kwetu Kalama, kitu kisicho na kitambaa bado ni mgeni. Mwaitu, ndivyo tunavyomwita mama, amekuwa akifuma vitambaa vya uzi tangu siku alipostaafu ualimu, na hakuna kilichomponyoka. Redio ina chake, jagi la maji lina chake, viti vina vyao na migongo ya viti ina vyao. Nilipompelekea kompyuta, wiki mbili hazikuisha kabla haijapata viwili: kidogo cha skrini, na kikubwa cha lile sanduku lenyewe, cha rangi ya maziwa, chenye maua pembeni. Nilipokiona nilicheka, nikakipiga picha, nikawatumia dada zangu. Sikusema lolote. Fundi mzima nimeketi pale nakunywa chai, namtazama mama yangu akiivalisha mashine sweta, nikaona ni jambo la kupendeza.

Fundi ni mimi, tena mwanamke. Nina duka dogo la kutengeneza kompyuta mjini Machakos, ghorofani, karibu na soko, na nimekaa humo miaka inayokaribia ishirini. Mteja akifungua mlango huniangalia, kisha huangalia nyuma yangu, kisha huuliza, "Fundi yuko wapi?" Wengine huuliza atarudi saa ngapi. Kuna mmoja aliketi nusu saa nzima akimngoja fundi huku mimi nikifungua printa mbele ya macho yake. Zamani nilikuwa naeleza kwa upole. Siku hizi nasema fundi alifariki, tukamzika Masii, leta hiyo laptopu. Najua si vizuri. Hasira zangu ziko karibu, na majivuno ninayo, wala sitajifanya vinginevyo. Nisipojisifu mwenyewe, wa kunisifu bado anamngoja fundi.

Na kazi naijua. Siri yangu ni daftari. Mwaitu alinifundisha darasa la nne, katika shule ileile ya kijijini, na kwake kifutio kilikuwa marufuku. Ukikosea, unapiga mstari mmoja juu ya kosa, mmoja tu ili kosa lisomeke, kisha unaandika lililo sahihi kando yake. Aliyekosa hakuadhibiwa, aliyefuta ndiye aliyesimama mbele ya darasa. Alikuwa akisema kwamba akiliona kosa lako anajua pa kukusaidia, lakini ukilifuta atakusaidia wapi? Nami dukani nafanya vivyo hivyo. Kila mashine ina ukurasa wake: nilivyoikuta, nilichobadilisha, mstari mmoja juu ya kilichokuwepo na kipya kando yake. Ndiyo maana hakuna mashine niliyowahi kuigusa nisiyoweza kuirudisha ilikokuwa.

Mashine moja tu haikuwa na ukurasa, nayo ni ya mwaitu.

Sasa niseme alikuwa akiifanyia nini. Huko Kalama, mtu akifariki, familia huja kwa mwaitu awaandikie wasifu wa marehemu wa kusomwa mazishini. Amewaandikia wengi mno. Mwaka jana alirudi kutoka mazishi fulani akiwa amekasirika, akatupa kibeti kitini, akasema kwamba amechoka kuwasifu watu wasiosikia. Kuanzia siku hiyo akaamua kuwaandikia walio hai. Alianza na akina mama wa mwethya, kile kikundi cha kazi kilichochimba silanga, bwawa la maji la kijiji chetu, na matuta ya fanya juu nilipokuwa mtoto, wakitupa udongo kuelekea juu ya mlima kwa koleo, siku baada ya siku. Waliobaki ni kumi na mmoja. Kila mmoja angepata ukurasa wake, na kurasa hizo zingesomwa Jumamosi moja mwezi wa kumi wakiwa wameketi wanasikiliza. Ilibidi iwe kabla ya mvua, kwa sababu mvua ikianza kila mtu yuko shambani.

Alijifunza kuchapa akiwa na miaka zaidi ya sabini, kwa vidole viwili, akisema herufi kwa sauti anapozitafuta. Nilikuwa nikimsikiliza kutoka jikoni kwa fahari. Lakini mashine yenyewe ilikuwa ya zamani, na alilalamika kwamba anamaliza kikombe kizima cha chai kabla haijaamka.

Basi mwezi wa saba nikaibeba hadi dukani. Nilimwambia naenda kuisafisha vumbi, na vumbi kweli niliisafisha. Ila prosesa yake, kile kipande kinachofanya hesabu zote ndani ya mashine, ilikuwa ya aina inayokubali kuongezewa mwendo. Nikaingia kwenye baiosi, ule ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya kitu kingine chochote. Nikapandisha kizidishi, tarakimu inayoamua prosesa ikimbie kiasi gani, na nikaiongezea umeme kidogo ili iweze kuhimili. Nikaijaribu tangu asubuhi hadi jioni. Wanaoijua Machakos ya mwezi wa saba wanajua baridi inayoshuka kutoka Milima ya Iveti. Nilikuwa na sweta mbili, na mashine ilikuwa baridi kama mimi. Ikakimbia vizuri sana.

Sikuandika daftarini. Nilijiambia hii ni ya nyumbani.

Wala sikumwambia mwaitu. Nilitaka aone muujiza. Na aliuona, ikawa inaamka kabla hajakoroga sukari. Aliwaambia wenzake kanisani kwamba binti yake ameipangusa vumbi tu, na sasa inaruka. Nilipokea sifa hizo kwa uso mkavu.

Mwezi wa kumi, siku ya Jumatano, zikiwa zimebaki siku tatu tu kabla ya ile Jumamosi, nilifika nyumbani saa sita mchana kumletea karatasi za kuchapisha. Jua lilikuwa kali na mabati yalikuwa yakilia. Nilimkuta mwaitu ameketi mezani na kalamu ya wino, anaandika kwenye daftari la shule, na kompyuta iko kando yake imezimwa, imevalishwa kitambaa chake. Nilipouliza alijibu bila kuinua macho.

"Nimeiacha. Mkono yangu iko na shida. Nikiigusa inakufa."

Kidogo kidogo nikamtoa maneno. Kwa wiki tatu mashine ilikuwa ikijizima yenyewe akiwa katikati ya sentensi. Asubuhi ilimvumilia, lakini mchana haikumaliza nusu saa. Hakunipigia simu kwa sababu aliamini ni yeye anayebonyeza vibaya. Kurasa kumi alikuwa amezimaliza na kuzihifadhi. Ukurasa uliobaki ulikuwa wa mkubwa wao wote, nyanya anayekaribia miaka tisini ambaye macho yake yamefifia, na huo ulikuwa umemezwa mara tatu. Maji yakimwagika hayazoleki. Sasa alitaka kijana mmoja anayeandika matangazo ya kanisa aumalizie. Mimi namjua kijana huyo na uandishi wake. Kwake kila mama alikuwa mcha Mungu, mwenye bidii, na aliyependa watu wote. Na mwaitu akishampa mtu ukurasa mmoja kwa sababu ya mikono yake, hatagusa mashine tena, hata iwe nzima. Namjua mama yangu.

Niliweka kiganja juu ya kitambaa. Kilikuwa bado na moto, mashine ilikuwa imetoka kujizima. Nikamwambia kwamba tatizo ni kitambaa, kimeziba matundu ya kutolea joto, na prosesa ikizidiwa na joto hujizima yenyewe isije ikaungua.

Ilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli yote. Mwaitu aliinuka, akakivua kitambaa polepole, akakikunja mara mbili, akakikunja tena.

"Kumbe ni mimi," akasema.

Akaenda jikoni kupakua chakula. Nilibaki nimesimama pale na nilijua kila kitu. Kitambaa kilikuwa juu ya mashine ile tangu mwaka jana, jua la mwezi wa pili likakipitia, na haikujizima hata siku moja. Kilichobadilika ni nilichokifanya mimi mwezi wa saba. Ningeweza kurudisha mwendo wake kimyakimya wakati anaosha vyombo, na hadi leo angesema ni kitambaa. Sifa yangu ingebaki nzima. Tuliketi tukala muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe yake yalikuwa laini. Niliona mikono yake. Alikuwa anaishika sahani kwa uangalifu, kama mtu aliyeambiwa kwamba huvunja vitu.

Mficha uchi hazai. Nikaweka kijiko chini.

"Mwaitu, si kitambaa peke yake. Mwezi wa saba niliiongezea mbio kupita ile ilitoka nayo kiwandani. Sikukuambia. Baridi iliivumilia, joto imeishinda. Wewe hujaharibu kitu."

Aliniangalia. Hayo ndiyo macho niliyoyaona darasa la nne, na nina miaka arobaini na saba.

"Uliandika?"

"Sikuandika."

"Kwa nini?"

"Niliona ni ya nyumbani."

"Kwa hivyo wateja ndio wanaandikiwa," akasema, na akamalizia chakula chake bila haraka, nikimngoja. Kisha akapangusa meza, akavaa miwani, akafungua ukurasa mpya katika lile daftari la shule. Akaniambia nisome naye ataandika, na nisiguse kitu kabla hajamaliza mstari.

Nimefanya kazi na mafundi wengi wakinisimamia, sijawahi kusimamiwa namna ile. Kwanza tuliiacha mashine ipoe. Nikaiwasha, na kabla haijapata joto nikanakili zile kurasa kumi kwenye flashi, akaiweka flashi kifuani, ndani ya leso, mahali anapoweka vitu vya thamani. Nikaizima tena, nikachomoa waya, nikafungua ubavu na kupiga vumbi kwa brashi laini kwenye feni na matundu. Asubuhi ile stima ilikuwa imecheza mara mbili, na sikutaka ikatike nikiwa katikati ya kuhifadhi mipangilio. Kwa hiyo nikaiunganisha kwenye ile betri ya kushikilia stima niliyompelekea zamani, ambayo nayo, ndiyo, ilikuwa na kitambaa. Mwaitu alikivua mwenyewe kabla sijafungua mdomo.

Nikawasha, nikabonyeza kitufe cha kuingia baiosi. Tukaanza kusoma. Kizidishi, tarakimu fulani. Umeme wa prosesa, tarakimu fulani. Mwendo wa kumbukumbu. Diski ya kuanzia. Namna mashine inavyozungumza na diski. Mwaitu aliandika yote kwa mwandiko wake wa ubao, herufi zimesimama wima. Aliniuliza maana ya kila kitu. Aliponisikia nikisema "hiki hakina maana sana" alinirudisha, kwamba kama hakina maana mbona kiko. Tukakiandika nacho.

Halafu nikamwonyesha mstari unaorudisha mipangilio yote ya kiwandani. Ningeweza kushusha kizidishi peke yake, lakini nilikuwa nimegusa na umeme pia, na kwa kuwa sikuandika sikuwa na uhakika nimegusa nini kingine. Usipokumbuka ulikopita, rudi mwanzo wa njia. Mashine ikauliza kama nina hakika. Nikamwangalia mwaitu, akatikisa kichwa kukubali. Nikahifadhi, ikajizima, ikawaka.

Skrini ikabaki nyeusi na mstari mmoja wa maandishi meupe. Ilikuwa inasema haioni diski ya kuanzia.

Mwaitu aliondoa mikono mezani akaiweka mapajani. Hakuwa amegusa chochote. Mikono ilijiondoa yenyewe, na hilo liliniuma kuliko mstari wowote wa skrini. Nilimwambia aiweke mezani, tafadhali, namhitaji anisomee. Nikarudi baiosi, naye akaanza kusoma daftari mstari kwa mstari, nami nikilinganisha. Kizidishi kimeshuka, sawa. Umeme umeshuka, sawa. Kumbukumbu imeshuka kidogo, haidhuru. Diski ya kuanzia ni ileile. Tulipofika kwenye namna ya kuzungumza na diski, akasoma lililoandikwa, nami nikaona skrini inasema jingine. Kurudisha ya kiwandani hakuchagui. Huchukua na yale yaliyokuwa sawa. Nilikuwa nimeupanga mstari huo mwenyewe siku nilipoiunda mashine ile, nami nilikuwa nimeusahau. Ndiyo ule niliousema hauna maana sana.

Nikaurudisha kama daftari lilivyosema. Mashine ikawaka, picha ya silanga aliyoiweka kwenye skrini ikatokea. Mwaitu hakupiga makofi wala hakusema asante. Alichukua kalamu, akapiga mstari mmoja juu ya kizidishi cha mwezi wa saba, mmoja juu ya umeme wake, akaandika mipya kando. Kisha akanipa daftari nitie sahihi. Nikatia.

Iliamka polepole, chai ilikuwa imefika nusu ya kikombe. Nikawasha kipimo cha joto pembeni mwa skrini, nikamwambia aandike, mimi nitaangalia tarakimu. Akaanza ukurasa wa nyanya yule kwa mara ya nne, akisema herufi kwa sauti. Nusu saa ikapita, joto likapanda kidogo likasimama. Saa nzima ikapita, ile saa ya jua kali kabisa chini ya mabati. Niliketi kwenye kiti cha pembeni bila kazi yoyote, na nilijisikia tajiri.

Jumamosi walikuja wote kumi na mmoja. Kanisa lilituazima turubai, viti vilitoka nyumba tano, na kila kiti mwaitu alikitafutia kitambaa. Alisoma akiwa amesimama, kwa Kikamba, ukurasa baada ya ukurasa, na akina mama walikuwa wakicheka na kujifuta macho na kusahihishana. Wa mwisho ulikuwa wa yule nyanya. Ulisema kwamba yeye ndiye aliyekuwa akipima mtelemko wa matuta kwa kamba na chupa ya maji, na kwamba hakuna shamba la mlima ule lililoondokewa na udongo tangu apime. Ulisema pia kwamba siku moja alipima vibaya, tuta zima likachimbwa, na kesho yake alfajiri akasimama mbele ya wote akasema kosa ni lake, wakafukia, wakaanza upya. Hakuna aliyenung'unika.

Nyanya aliinua mkono. Sauti yake ni ndogo, ikabidi watu wanyamaze.

"Ilikuwa mara mbili," akasema.

Walicheka hadi turubai likatikisika. Mwaitu akatoa kalamu, akapiga mstari juu ya "siku moja", akaandika kando, akaendelea kusoma.

Baadaye nilikuwa nikizungusha birika. Mama mmoja, ambaye laptopu ya mjukuu wake imeharibika, alinyoosha kikombe kwangu bila kuniangalia akamwuliza mwaitu yule fundi aliyemtengenezea mashine ni nani, na kama anaweza kuitwa. Nilikuwa na jibu langu la Masii tayari ulimini. Mwaitu aliniwahi. Alivua miwani, akasimama tena, na wote wakadhani kuna ukurasa mwingine.

"Fundi ni huyu anakumiminia chai," akasema. "Hiyo mashine aliiharibu yeye. Hakuna mtu alimshika. Akaniambia ni yeye, akaitengeneza nikimwangalia. Nimefundisha watoto miaka mingi. Wenye walifuta ni wengi sana."

Akaketi. Wale akina mama waligeuka wote wakanitazama, na yule nyanya aliuliza ni yupi, akaelekezwa, akanigeukia na macho yake yasiyoona. Nilimmiminia yule mama chai mpaka ikafurika kwenye sahani na kulowesha kitambaa, na hakuna aliyenikemea.